Kubandua Stempu za Kome za Kenya na Kusoma Maandishi Yake

Karibuni, wapenzi wa stempu. Katika video hii tutabandua kutoka kwenye vipande vya bahasha stempu za kome za Kenya, zile za matumizi ya kila siku zilizoanza kutolewa mwaka 1971, kisha tutasoma maandishi yake kabla ya kuzipanga, kwa kuwa katika seti hii picha peke yake haitoshi kukuambia una stempu gani.

Kata bahasha ukiacha ukingo wa sentimita moja kuizunguka stempu. Hilo halihitaji maelezo. Hata hivyo, ikiwa muhuri wa posta ni safi na jina la mji linasomeka lote, weka mkasi chini na uihifadhi bahasha nzima. Mimi hupendelea kome mwenye muhuri wa Malindi kuliko stempu mpya isiyotumika, kwa sababu ni huko Malindi na Watamu ambako Kenya ilitenga hifadhi za bahari mwaka 1968 ili kulinda matumbawe na viumbe wake.

Vipande vya bahasha za rangi, hasa nyekundu, vitiwe katika beseni la peke yake, kwani rangi hiyo huchuja na kuingia katika stempu. Maji yawe ya baridi au ya uvuguvugu, kamwe yasiwe ya moto. Weka vipande picha zikitazama juu, usubiri dakika 15 hadi 20. Naona mwanga wa taa umeziba picha juu ya maji. Niruhusuni niinamishe kamera. Sasa inaonekana, na ni heri, maana hatua inayofuata ndiyo inayoharibu stempu nyingi.

Usivute stempu kutoka kwenye karatasi. Ondoa karatasi kutoka kwenye stempu. Geuza kipande ndani ya maji, picha ikilalia kiganja chako, kisha telezesha karatasi ya bahasha polepole kuelekea upande mmoja. Ikigoma, irudishe majini. Narudia: ikigoma, irudishe majini, hata kama zimebaki kona mbili tu, kwa sababu karatasi iliyolowa haina nguvu na meno ya stempu ndiyo hukatika kwanza. Tazameni hii ya zambarau: kona ya chini bado imeshika. Siivuti. Inarudi majini.

Tunapoisubiri, niwaeleze habari za huyu wa zambarau. Ni konokono wa bahari asiyeishi kwenye matumbawe. Huelea baharini kwa mapovu anayoyaunganisha kwa ute wake, na mara nyingi watu wa pwani humwona pale tu upepo unapomsukuma ufukoni. Katika toleo la kwanza jina lake liliandikwa Janthina globosa, na baadaye stempu ikachapishwa upya kwa jina Janthina janthina. Stempu ya nautilasi, jamaa wa pweza na ngisi, nayo ilitoka kwanza ikiwa imeandikwa Nautilus pompileus, kisha ikasahihishwa kuwa Nautilus pompilius. Ni herufi moja tu, e iliyogeuzwa i, na muhuri mzito wa posta unaweza kuifunika kabisa.

Kona imeachia. Suuza mgongo wa stempu katika maji safi mpaka utelezi wa gundi uishe, kisha ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe inayonyonya maji, wala usitumie gazeti, kwani wino wake huhama. Zimeni feni, tafadhali. Mnaona nautilasi wangu anavyotaka kuondoka mezani! Zikikauka na kujikunja, zibane ndani ya kitabu kizito usiku kucha.

Sasa chukua kibanio cha ncha bapa na kioo cha kukuzia. Vibanio hivyo ninaviuza, na anayevihitaji aniandikie, ingawa chochote chenye ncha laini kitafaa, mradi kisiwe cha kunyolea nyusi. Soma jina la kome herufi kwa herufi, kisha weka matoleo mawili ya kila jina yakikaa bega kwa bega katika albamu. Ukikuta stempu ya 20/- iliyopigwa chapa ya 40/- juu yake, hiyo ni ya mwaka 1975, wakati bei kadhaa za seti hii zilipobadilishwa kwa chapa. Itengee safu yake mwishoni, baada ya bei za awali.