Kaunta Buku Kabla ya Fomu ya Chuo

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na wadogo zangu, habari za jioni. Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwamba mmekuja siku ya kazi, saa ambayo wengi wenu mngekuwa mnagombania daladala kurudi nyumbani.

Nimeombwa nizungumze na watu waliovuka miaka 35, wenye kazi au waliopoteza kazi, ambao wanafikiria kubadili fani na kurudi shule. Mimi ni muuguzi. Nina miaka 49, na uuguzi nimeufanya miaka sita tu. Kabla ya hapo, kwa miaka 15, nilikuwa karani wa benki, yule anayekaa dirishani akihesabu fedha. Nianze na dirisha lile.

Kila mwisho wa mwezi wastaafu walikuja kuchukua pensheni. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha sahihi ya kwenye fomu na ile iliyo kwenye kadi yetu. Kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli, mtu wa kanzu safi na salamu ndefu. Mwezi mmoja sahihi yake ikaja imepinda, herufi zimeteremka mpaka kwenye kona ya karatasi. Nikamrudishia fomu aandike tena. Akaandika, ikawa mbaya zaidi. Nikamwambia, "Babu, sahihi hailingani, nenda ukalete barua ya serikali ya mtaa." Akanijibu maneno ambayo sikuyaelewa, nikadhani amekasirika. Foleni ilikuwa ndefu. Akaondoka, bahasha ameishika kwa mkono wa kushoto. Wiki iliyofuata aliletwa na mwanawe, hasemi tena. Mwanawe akaniambia ni kiharusi.

Nilifuata taratibu, na hakuna aliyenilaumu. Lakini tangu siku ile kazi ya dirishani ikaanza kunitoka moyoni. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, mwalimu aliandika ubaoni dalili za kiharusi: uso kulegea upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kutoeleweka. Niliweka kalamu chini. Zote tatu nilikuwa nimeziona kupitia kioo, kwa umbali wa nusu mita, nami nikamtuma mgonjwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Sababu nyingine ilikuwa ya kawaida kabisa, na nadhani wengi wenu mnaijua. Mwaka 2008 M-Pesa iliingia Tanzania. Baadaye benki zikaweka mawakala mitaani, dukani kwa Mangi unatoa na unaweka. Foleni ya dirishani ikapungua, madirisha yakapungua, na sisi makarani tukaanza kupewa malengo ya kuuza mikopo. Nilikuwa na miaka 37. Nikawa najiuliza usiku, hivi mpaka 60 nitakuwa nafanya nini?

Mtaani kwetu nilipoanza kubeba daftari, watoto waliniita ngumbaru. Wazee waliopo hapa wanalijua neno hilo, ndilo walilokuwa wakiitwa watu wazima waliokwenda kujifunza kusoma na kuandika. Lilinichoma siku mbili tatu, kisha nikamkumbuka mama yangu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu walikusanyika vijijini kuzunguka redio, na kijitabu mkononi, wakajifunza habari za malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walioshiriki walizidi milioni moja. Mama alikuwa mmoja wao, na choo walichochimba yeye na wenzake nimekikuta nikiwa mtoto. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, likataka anayekwenda chuo kikuu atangulie kufanya kazi kwanza, asitoke kidato cha sita moja kwa moja. Utaratibu ule ulilegezwa baadaye, na ulikuwa na shida zake, lakini katika nchi hii kuliwahi kuwa na wakati ambapo mtu mzima mwenye familia kukaa darasani lilikuwa jambo la kila siku. Tumelisahau, ndiyo maana leo mtu wa miaka 40 anaficha begi lake la shule ndani ya mfuko wa sokoni. Mimi nililificha. Naomba ninyi msilifiche.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe hasa. Watu wakinifuata huniuliza, "Dada, sijachelewa?" Mimi huwauliza swali jingine: unachokibeba sasa hivi, ukikaa darasani miaka mitatu, nani atakibeba? Kijana wa miaka 19 akienda chuo anakwenda yeye na sanduku lake. Mtu mzima akienda, inakwenda nyumba nzima. Kama nyumba haijui kwamba imekwenda chuo, utafeli, hata uwe na akili kiasi gani.

Kabla sijagusa fomu yoyote nilinunua kaunta buku ya kurasa 192. Ukurasa wa kwanza nikaandika kila ninachokilipa: ada za watoto wawili, kodi, umeme, dawa za presha za mama. Ukurasa wa pili nikaandika ninachokichangia: kikoba cha Jumamosi, upatu wa kazini, harusi, misiba, kumsomesha mtoto wa marehemu kaka. Ukurasa wa tatu ndio ulionitoa jasho, kwa sababu niliandika kazi za mikono yangu ambazo hazina risiti. Nani anaamka saa kumi na moja kuwasha jiko? Nani anampeleka mama kliniki kila mwezi? Nani anakwenda kikao cha wazazi shuleni? Jibu la maswali yote matatu lilikuwa jina langu.

Nikaketi na mume wangu usiku mmoja watoto wamelala, tukapitia mstari kwa mstari. Hakukubali usiku ule. Alisema, "Umeajiriwa, unataka kuacha mshahara ukawe mwanafunzi?" Na alikuwa na haki ya kuuliza. Ilichukua miezi minne. Hatimaye tukakubaliana kwamba mama ahamie kwa dada yangu mkubwa, mume wangu abebe ada na kodi, mimi nitoke kwenye kikoba nikiwa na akiba yangu ya chakula. Kuhusu michango, nikawapigia ndugu mmoja mmoja, nikawaambia kwamba kwa miaka mitatu nitakuja harusini na msibani kwa mikono na miguu yangu, nitapika, nitaosha vyombo, lakini fedha sina. Shangazi yangu mmoja alininunia mwaka mzima. Naelewa, kwa sababu kwetu mchango ndiyo njia ya kuonesha kwamba bado upo. Lakini ningeendelea kuchanga, ningeacha chuo muhula wa pili.

Ikaja habari ya vyeti. Kusomea stashahada ya uuguzi unatakiwa uwe umefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia kidato cha nne. Baiolojia nilikuwa nayo, maana wakati wetu ilikuwa lazima kwa kila mtu. Kemia na Fizikia niliziacha nilipoingia kidato cha tatu, nikaenda na Historia na Jiografia. Kwa hiyo nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba ya mtihani ya mwanafunzi wa shule huanza na S, yetu sisi huanza na P. Mwaka mzima nilikwenda twisheni jioni, nikitoka benki na sare yangu, nakaa dawati la mbele kwa sababu macho yalikuwa yameanza. Jedwali la elementi nililibandika jikoni. Siku za wali wa nazi, nikikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, binti yangu wa kidato cha pili anasimama mlangoni na daftari: "Mama, namba kumi na moja?" "Sodiamu." "Kumi na tisa?" "Potasiamu." Nikikosea ananyamaza tu mpaka nijirekebishe. Novemba nikafanya mtihani. Nilipata C ya Kemia na D ya Fizikia, na ile D naiheshimu mpaka leo.

Kina mama, naomba mnisikilize hapa. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la baba yangu, na kazini nilikuwa natumia jina la mume. Ofisi moja ikanirudisha mara tatu kwa ajili ya hilo, na nusura dirisha la maombi lifungwe. Kagueni mapema: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na vyeti vya shule. Kama majina yanapishana hata herufi moja, nendeni kwa wakili mkaandikiwe hati, sasa, kabla hamjachagua hata chuo.

Hesabu ya umri ndiyo ambayo watu hawaambiwi. Matangazo ya ajira serikalini husema mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Na ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60, unapata 45. Kwa hiyo ukianza kozi ya miaka mitatu ukiwa na miaka 43, unamaliza mlango wa serikali umeshafungwa. Huo si mwisho wa habari, zipo hospitali binafsi na za mashirika ya dini, na wengine watajiajiri. Lakini ulijue kabla, usije kuligundua siku umevaa joho.

Namwona mama pale nyuma amenyoosha mkono. Nitakuja kwako mama, nivumilie kidogo.

Mimi kwenye hesabu hii nilikosea. Nilipoacha benki nilichukua michango yangu yote kutoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, nikalipia ada. Ilinisaidia, siwezi kukana. Ila niliajiriwa hospitali nikiwa na miaka 43, na hesabu ya miezi ikaanza sifuri. Kutoka 43 hadi 60 ni miezi 204. Nina ziada ya miezi 24 tu. Nikiugua muda mrefu, au nikitaka kupumzika mapema nilee wajukuu, hesabu haitimii. Kabla hujagusa michango yako, nenda ofisi ya mfuko wako, kaa kwenye kiti, uliza maswali yote, na majibu uyaandike kwenye kaunta buku yako.

Chuoni kwenyewe sitakaa sana. Kukariri kulinishinda mwanzoni, wenzangu wa miaka 19 walisoma ukurasa mara mbili, mimi mara sita. Magoti yaliuma zamu za usiku. Lakini kuna kitu kilichonishangaza. Siku ya kwanza wodini tulipewa zoezi la dripu: lita moja iingie kwa saa nane, na mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? Mililita 1,000 mara 20, ni 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya, unapata 41 na ushee, weka 42. Nililitoa kichwani wakati wenzangu wanatafuta simu, kisha nikarudia kuhesabu kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kama tulivyokuwa tunahesabu noti. Muuguzi kiongozi akaniuliza nimejifunzia wapi kuhesabu mara mbili. Nikamwambia, dirishani. Mpaka leo wakati wa kukabidhi zamu, kabati la dawa kali ninalifunga kama nilivyokuwa nafunga hesabu za siku: kila kidonge na kila kichupa vilingane na daftari, ndipo natoka. Nilikuwa nimeamini kwamba miaka 15 ya benki nimeitupa. Kumbe nilikuja nayo.

Wengine mliopo hapa hamhitaji kufanya nilivyofanya mimi, na naona ni kosa kumsukuma kila mtu aache kazi. Kama unachokitaka kinaweza kusomwa ukiwa kazini, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, na kituo chake kipo hapa hapa Tanga. Kama wewe ni fundi wa miaka ishirini, umeme au useremala, na unachokosa ni karatasi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima ujuzi ulioupata kazini na kukupa cheti, usiende kukaa darasani kufundishwa kushika randa. Mtumishi wa umma aulize habari za ruhusa ya masomo kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Na chuo chochote utakachokipenda, kitafute kwanza kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, au ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Nimeona watu wazima wenye akili zao wamelipa ada miaka miwili kwenye chuo kisicho na usajili.

Yule mzee wa reli aliishi miaka mingi baada ya kiharusi. Nilikwenda kumsalimia kwake nilipokuwa nasubiri kuajiriwa, nikamweleza kwamba mimi ndiye yule wa dirishani. Hakuweza kusema. Alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, na mkewe akaniletea chai ya tangawizi. Nikakaa, nikamwonesha mkewe namna ya kumgeuza kila saa mbili ili asipate vidonda mgongoni.

Kaunta buku yangu nimekuja nayo, ipo hapa mezani. Ukurasa wa tatu umepauka lakini unasomeka, anayetaka kuupiga picha aje.

Haya, mama wa pale nyuma. Umenyoosha mkono tangu nilipotaja miaka 45. Karibu, simama, tukusikie.