Umefika ukurasa wa ngapi?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya hamasa, hivi vinavyopangwa juu ya turubai pale stendi, vingine vimedurufiwa mpaka maandishi yamefifia: jinsi ya kuushinda woga, jinsi ya kutajirika, jinsi ya kubadili maisha. Wasomi wengi huvidharau. Mimi sividharau. Nimeviona vikimwinua mtu, na nimeviona vikimkandamiza mtu, tena wa nyumbani kwangu.

Mdogo wangu alikuwa dereva. Tajiri wake akauza gari, kazi ikaishia hapo. Akanunua kitabu kimoja, kikafuata cha pili, mwishowe nikavihesabu kumi na moja chini ya kitanda. Kila siku saa kumi alfajiri nilimsikia bafuni mbele ya kioo: "Mimi ni mshindi. Mimi ni mshindi." Wiki za mwanzo sauti ilikuwa juu. Ikashuka, ikashuka, ikawa mnong'ono. Siku moja akaniambia, "Dada, kitabu kinasema umaskini uko kichwani. Basi mwenye kosa ni mimi." Gari limeuzwa na mwenyewe, yeye amekosa wapi?

Nilipotafuta maelezo nikakutana na kazi ya Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ambaye mwaka 2009 alichapisha majaribio pamoja na wenzake. Waliwataka watu wajirudie kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu awali walipata nafuu kidogo. Waliojiona si kitu, ambao ndio hasa vitabu hivi vinawalenga, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakurudia chochote. Nadhani naelewa kwa nini. Mtu anayejidharau ukimlazimisha ajisifu, moyo wake humjibu palepale: mwongo wewe.

Na ile habari ya siku 21, kwamba ukirudia jambo siku 21 linakuwa tabia? Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyefanya upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huhitaji walau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Alisimulia aliyoyaona kwa wagonjwa wake. Waliomfuata wakaliangusha neno "walau", wakaifanya sheria ya kila kitu. Phillippa Lally na wenzake, huko London, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia ndogondogo. Wastani ukawa siku 66. Aliyewahi alichukua 18, na kwa mwingine makadirio yakafika 254. Tena waliona kwamba kuruka siku moja hakukuwarudisha watu nyuma. Hilo ningependa lichapwe kwenye kila jalada. Wangapi wamekata tamaa siku ya 22 wakidhani kasoro ni yao?

Sasa nije kwenye heri yake, maana ipo. Sisi tunasema "nina mawazo", na katika nyumba nyingi ugonjwa huo hauna jina jingine. Wataalamu wanauita sonona. Mwaka 1995 Christine Jamison na Forrest Scogin wa Chuo Kikuu cha Alabama walichapisha utafiti wa watu wazima 80 wenye sonona, isiyo kali sana. Kundi moja lilipewa kitabu cha daktari David Burns kilichotoka mwaka 1980, wakisome kwa wiki nne. Kundi la pili likasubiri zamu yake. Waliosoma walipata nafuu kubwa. Kitabu hicho hakikutaki upige kelele za ushindi, kinakupa kazi ya kuandika. Na lipo jambo jingine dogo katika utafiti ule ambalo watu hulipita haraka: kila wiki wasomaji walipigiwa simu fupi kufuatiliwa wanaendeleaje.

Nilichukua kaunta buku na rula, nikapiga mistari miwili, zikapatikana safu tatu kama Burns anavyoelekeza: wazo linalokuumiza, kosa lililomo ndani yake, na jibu lako. Mdogo wangu akaandika safu ya kwanza: "Bila kazi sina maana kwa wanangu." Ya pili ikabaki tupu siku tatu. Siku ya nne akaandika: "Nimechanganya ajira na ubaba." Kwenye ya tatu, kwa mwandiko wa haraka: "Jana nimemshikia binti yangu baiskeli mpaka amejua." Sikumpa ushauri hata mmoja. Kila jioni nilimuuliza tu: umefika ukurasa wa ngapi? (Angekuwa anazungumzia kufa, nisingemletea daftari. Ningempeleka hospitali usiku uleule.)

Kitabu kilichovipa vitabu vya namna hii jina lake la Kiingereza, Self-Help, yaani kujisaidia mwenyewe, ni cha Samuel Smiles, na kilitoka Uingereza mwaka 1859. Kinalaumiwa kwa kumwambia maskini ajitegemee peke yake. Lakini someni utangulizi. Vijana wachache wa hali ya chini walianza kukutana jioni za majira ya baridi, mwenye kujua kidogo akimfundisha asiyejua. Walipoongezeka wakachukua chumba kikubwa, kichafu, kilichowahi kutumika kama hospitali ya muda ya kipindupindu, wakamwomba Smiles aje kuzungumza nao. Watu wanaosaidiana ndio waliokizaa kitabu cha kujisaidia mwenyewe! Ni huko njiani, tangu siku zile hadi leo, msomaji alikoachwa peke yake na kioo chake.

Mwaka mmoja kabla, huku kwetu pwani, Mwana Kupona binti Mshamu akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utendi wa wasia. Mengi aliyoyausia kuhusu mume mabinti wa leo hawatayakubali, nami siwalaumu. Ila angalieni anavyoanza: anamwita mwanawe akae karibu, achukue wino na karatasi. Anataka mtoto awepo pale, mkono uandike, na mama aone.

Mdogo wangu sasa anaendesha bajaji ya jirani kwa hesabu ya siku. Daftari halikumpa bajaji. Lilimpa nguvu za kutoka nje asubuhi, na huko nje ndiko jirani alikomwona.

Ameniruhusu nije nalo, hili hapa. Kurasa za mwanzo amezibana kwa klipu, tusizifungue. Yako mengine sita mezani, na rula moja. Anayelitaka aje na mwenzake, wachukue moja watu wawili. Haya, karibuni maswali.