Kukompaili PostgreSQL 17 kutoka kwenye msimbo wake, hatua kwa hatua

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tunaikompaili PostgreSQL, programu ya hifadhidata, wenyewe, yaani tunageuza msimbo wake kuwa programu, mpaka iwake, na iendelee kuwaka hata mashine ikizimwa na kuwashwa. Natumia Debian 12. Anayetumia FreeBSD asiondoke, nitamtaja pale njia zinapoachana.

Swali la kwanza huwa ni hili: kwa nini tuhangaike wakati apt, kisakinishi cha pakeji cha Debian, ipo? Debian 12 inakuja na PostgreSQL 15. Toleo la 17 lilitoka Septemba 2024. Mradi wenyewe wa PostgreSQL una hazina yake ya pakeji, na kama hiyo inakutosha, itumie bila kusita. Lakini kuna siku utakuta mfumo mkongwe usio na pakeji, au utahitaji matoleo mawili ya hifadhidata yakae kwenye mashine moja bila kugusana. Siku hiyo lazima ujue kuipika mwenyewe.

Haya, fungua terminali. Tunaanza na vifaa:

sudo apt install build-essential pkg-config bison flex perl libicu-dev zlib1g-dev libssl-dev libsystemd-dev

Bison, flex na perl usiziache. Kwenye toleo la 16 kurudi nyuma ungeweza kukompaili furushi la msimbo bila hizo, kwa sababu mafaili yanayozalishwa nazo yalikuwa yamewekwa ndani tayari. Kuanzia 17 hayamo tena. Na kwenye orodha hii nimeiruka maktaba moja kwa makusudi. Mtaona sasa hivi.

Tushushe msimbo pamoja na faili lake la uhakiki:

wget https://ftp.postgresql.org/pub/source/v17.5/postgresql-17.5.tar.bz2
wget https://ftp.postgresql.org/pub/source/v17.5/postgresql-17.5.tar.bz2.sha256
sha256sum -c postgresql-17.5.tar.bz2.sha256

Subiri uone neno OK. Intaneti ikikatika katikati, faili huweza kubaki nusu, halafu ukapoteza saa nzima unatafuta kosa ambalo halipo kwenye msimbo. Likija OK, fungua furushi:

tar xf postgresql-17.5.tar.bz2
cd postgresql-17.5

Sasa tumefika kwenye amri ya configure, inayokagua mashine kabla ya kukompaili, na hapa naomba tutulie. Andika hivi:

./configure --prefix=/opt/pgsql-17 --with-ssl=openssl --with-systemd

Prefix ni mahali programu itakapokaa. Usipoitaja, itakwenda /usr/local/pgsql. Mimi huweka namba ya toleo kwenye jina la folda, na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Siku ukihamia 18, itakaa kwenye folda yake, 17 itabaki ilipo, na ukipata tatizo unarudi nyuma bila jasho. Chaguo la ssl linawezesha mawasiliano yaliyofichwa kati ya seva na wateja wake. La systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux, tutalihitaji mwishoni.

Bonyeza Enter. Mistari inapita, checking hiki, checking kile, halafu inasimama ghafla:

configure: error: readline library not found

Hii ndiyo maktaba niliyoiacha. Nimetaka uione kwa macho yako, maana hapa ndipo wengi hufunga terminali wakarudi kwenye apt. Soma mistari iliyo chini yake: inakuambia ukitaka unaweza kuendelea bila readline kwa kuongeza --without-readline. Usikubali. Readline ndiyo inayokuwezesha kubonyeza mshale wa juu ndani ya psql, programu ya kuandikia amri za hifadhidata, ukapata amri uliyoandika mwanzo. Bila hiyo, kila ukibonyeza mshale unapata ^[[A kwenye skrini, na kila swali refu la SQL unaliandika upya herufi kwa herufi.

Sasa angalia jambo moja zuri. Mashine hii ina readline tayari, kuna programu nyingine zinazoitumia. Kwa nini configure iseme haipo? Kwa sababu maktaba ina sehemu mbili. Kuna sehemu ya kuendeshea, ambayo programu zilizokwisha kukompailiwa huitumia, na kuna mafaili ya vichwa, ambayo kompaila huyasoma ili ijue ndani ya maktaba mna nini. Debian inazitenga: ya kwanza inaitwa libreadline8, ya pili libreadline-dev. Sisi tuna ya kwanza tu. Ukilielewa hili, makosa mengi ya configure yatakuwa yamekwisha, kwa sababu karibu kila mara dawa ni pakeji inayoishia na -dev. Na ukikwama kabisa, fungua faili linaloitwa config.log humo humo kwenye folda. Limeandika kila jaribio na jibu alilolitoa kompaila.

sudo apt install libreadline-dev

Rudia ile amri ya configure. Safari hii inafika mwisho. Watu wa FreeBSD, maktaba zenu ziko /usr/local, kwa hiyo ongezeni --with-includes=/usr/local/include na --with-libraries=/usr/local/lib. Chaguo la systemd liondoeni, kwenu halipo. Na kila ninaposema make, nyinyi andikeni gmake, kwa sababu PostgreSQL inataka make ya GNU.

Tunakompaili:

make -j4 world-bin

Ile 4 ni idadi ya kazi zinazoendeshwa kwa pamoja; kwa kawaida iwe sawa na kori za kichakataji, andika nproc ujue zako. Ukiwa kwenye seva ndogo ya kukodi yenye RAM ya gigabaiti 1, weka 2. Na kwa nini world-bin, siyo make peke yake? Make peke yake inatengeneza kiini cha hifadhidata tu. Nyongeza zilizo kwenye folda ya contrib, kama pg_stat_statements ya kuona maswali gani yanakula muda, au pg_trgm ya kutafuta majina yaliyoandikwa kwa kukosea, zinabaki nje. Utagundua baada ya miezi, siku unayozihitaji. World-bin inazichukua zote, na haigusi nyaraka, ambazo zina vifaa vyake vingine.

Ikimaliza, tunaipima kabla ya kuiweka:

make check

Inawasha seva ya muda, inaiendeshea majaribio mengi ya SQL, kisha inaizima. Fanya hivi kama mtumiaji wa kawaida, siyo root, seva hukataa kuwaka chini ya root. Mistari inashuka, ok, ok, ok, na chini kabisa inakuambia majaribio yote yamepita. Mimi sijawahi kuijutia hatua hii.

sudo make install-world-bin

Sasa tuitengenezee mtumiaji wake na nyumba ya data:

sudo useradd --system --create-home --home-dir /var/lib/pgsql --shell /bin/bash postgres
sudo mkdir -p /srv/pgdata/17
sudo chown postgres /srv/pgdata/17

Hilo neno --system lina maana. Systemd, kwa mpangilio wake wa kawaida, hufuta kumbukumbu za pamoja (shared memory) za mtumiaji wa kawaida pale anapotoka kwenye mfumo. Kwa hifadhidata inayofanya kazi hilo ni balaa. Watumiaji wa mfumo hawaguswi.

sudo -iu postgres
/opt/pgsql-17/bin/initdb -D /srv/pgdata/17 -k --auth-local=peer --auth-host=scram-sha-256
exit

Tuzichambue. Ile -k inawasha hesabu ya ukaguzi kwenye kila ukurasa wa data, kurasa za kilobaiti 8 kila moja, ili diski ikianza kuharibu data, PostgreSQL ikuambie badala ya kukupa majibu mabovu kimya kimya. Kwenye toleo la 17 haiji yenyewe, lazima uiandike. Zile mbili za auth ni mlango: peer inaangalia jina lako kwenye mfumo, scram-sha-256 inadai nywila. Usipoziweka, initdb inatumia trust, yaani yeyote aliye kwenye mashine anaingia kama mkuu wa hifadhidata bila nywila. Inakuonya, lakini onyo hilo hupita haraka.

Sasa tuikabidhi kwa systemd. Tengeneza faili /etc/systemd/system/pgsql17.service, na ndani yake uandike:

[Unit]
Description=PostgreSQL 17
After=network-online.target
Wants=network-online.target

[Service]
Type=notify
User=postgres
ExecStart=/opt/pgsql-17/bin/postgres -D /srv/pgdata/17
ExecReload=/bin/kill -HUP $MAINPID
KillMode=mixed
KillSignal=SIGINT
TimeoutSec=infinity

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Type=notify, yaani seva yenyewe kuiambia systemd kwamba imewaka, inafanya kazi kwa sababu tuliweka --with-systemd kule mwanzo. Na ile TimeoutSec msiifute. Umeme ukikatika ghafla, PostgreSQL ikiwaka tena inapitia daftari lake la mabadiliko na kurekebisha data, na kazi hiyo inaweza kuchukua muda. Systemd ikichoka kusubiri, itaiua katikati ya matengenezo.

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now pgsql17
sudo -u postgres /opt/pgsql-17/bin/psql -c 'select version();'

Ukiona PostgreSQL 17.5 on x86_64, hongera. Ila kama mashine ina psql ya Debian na ukaiita hiyo, itakuambia haioni soketi, faili ambalo psql hupitia kuongea na seva, /var/run/postgresql/.s.PGSQL.5432. Seva haijafa. Psql ya Debian inatafuta soketi kwenye folda hiyo, na tuliyokompaili sisi inaiweka /tmp. Ongeza -h /tmp, itaingia.

Jambo la mwisho ni masasisho. Matoleo madogo ya PostgreSQL hutoka Februari, Mei, Agosti na Novemba, na ukishaikompaili mwenyewe, apt haitakukumbusha. Ni jukumu lako. Data haiguswi: unakompaili msimbo mpya kwa prefix ile ile, unazima huduma, unaweka, unawasha.

Niliwahi kufanya hivyo kwenye seva ya ofisi moja nikiandika chaguo za configure kwa kichwa. Nikasahau ssl. Kwenye mipangilio ssl ilikuwa on, programu mpya haina, ikagoma kuwaka: SSL is not supported by this build. Watu wako kwenye foleni, na ile programu ya zamani nimeshaifunika na mpya, kwa hiyo hata chaguo za mwanzo sikuwa na pa kuzisoma. Nikabaki nakisia na kukompaili upya, mara ya kwanza, mara ya pili.

Dawa yake ni amri moja, na inaendeshwa kabla hujagusa chochote:

/opt/pgsql-17/bin/pg_config --configure

Inatoa chaguo zote za siku ile, neno kwa neno. Nakili, bandika baada ya neno ./configure la msimbo mpya, kisha endelea na make.