Huyo ni wakili wa nani?

Asanteni, na poleni kwa kusubiri. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumweka wakili wa mirathi, na muda niliopewa najua hautanitosha, kwa hiyo naanza na lile linaloniuma. Ada na makaratasi yatafuata tukijaliwa.

Kila familia inayokuja kwangu naiuliza swali lilelile kabla haijakaa vizuri: wakili mliyemweka ni wa nani? Wanajibu kwa pamoja, "Ni wetu sote." Roho hunishuka.

Wakili ana mteja. Katika mirathi, mteja huyo kwa kawaida ni msimamizi, yaani yule aliyetajwa kwenye wosia au aliyeteuliwa na mahakama. Wewe mrithi, hata kama umechangia ada, hata kama uliingia ofisini siku ya kwanza na chai ukapewa, huenda si mteja. Ni kweli msimamizi ana wajibu kwenu wote: atende kwa uaminifu, atoe hesabu, asijipendelee. Na wakili kazi yake ni kumshauri autimize wajibu huo. Lakini siku msimamizi na mrithi wakivutana, wakili atamtetea nani?

Kuna kisa ambacho waliowahi kunisikia wanakijua. Nitakirudia mpaka kiache kutokea. Kaka mmoja na dada zake wawili walifiwa na baba, hakuacha wosia. Wakaenda kwa wakili pamoja, wakaketi kwenye benchi moja, dada mdogo katikati ameshika bahasha yenye cheti cha kifo na hati za nyumba. Wakakubaliana kaka awe msimamizi. Ada wakachanga sawa kwa sawa. Wakili akawaambia, "Msiwe na wasiwasi, nitawashughulikia," kisha akasogeza karatasi mbele ya kaka, kaka akasaini peke yake. Hakuna aliyeuliza karatasi ile ni ya nini. Ulikuwa mkataba wa uwakili.

Dada mdogo ndiye aliyemuuguza baba, na alikuwa bado anaishi katika nyumba ile. Miezi ikapita, naye anampigia wakili simu kila jambo linapomtatiza. Akamweleza kwamba baba alimwambia nyumba ni yake, ila walikuwa wawili tu chumbani. Akamweleza pia kwamba kodi ya chumba cha nyuma anaipokea yeye, na hajaiandika popote. Alisema yote, kwa sababu aliamini anazungumza na wakili wake.

Kisha ikaja barua. Nimeishika kwa mikono yangu. Mikunjo yake ilikuwa imeanza kuchanika kwa jinsi alivyoikunja na kuikunjua. Mstari wa kwanza ulisema: "Nimeagizwa na mteja wangu, msimamizi wa mirathi ya marehemu." Alitakiwa ahame ndani ya siku 30, na atoe hesabu ya kodi ya chumba cha nyuma. Saini ni ya wakili yuleyule. Dada akaweka kidole kwenye neno "mteja wangu," akaniuliza, "Kwani mimi nilikuwa nani?"

Wakili yule alikosea, sitaki kumtetea. Siku ileile ya benchi alipaswa kumwambia: mimi nimewekwa na kaka yako, ukitaka ushauri wa kwako peke yako tafuta wa kwako. Na simu zile hakupaswa kuzipokea kimya kimya, anasikiliza tu. Lakini nataka muone kwamba swali moja, lililoulizwa pale kabla ya saini, lingemkinga yule dada bila kumgharimu chochote.

Najua mnachotaka kusema. Kwamba kila mrithi akija na wakili wake, tumeshatangaza vita na kaburi bado bichi. Sijasema kila mtu aweke wakili! Mkiwa mnaelewana, mmoja wa msimamizi anatosha, na mirathi nyingi humalizika hivyo. Nyingine hazihitaji hata huyo mmoja, maana nchi nyingi zina utaratibu mwepesi kwa mali ndogo isiyo na ubishi. Ninachosema ni kwamba ujue siri zako unampa nani. Na kabla hujasaini hati yoyote ya ridhaa au ya kuachia haki yako, lipia saa moja ya wakili asiyefungamana na msimamizi, akusomee hesabu. Saa moja tu.

Mwingine atasema, "Wetu ndiye aliyeuandika wosia, anamjua marehemu." Vizuri, anajua mengi. Lakini wosia ukipingwa, ikabishaniwa kama marehemu alikuwa na akili timamu, yeye ndiye atakayeitwa kueleza alichokiona, na mahali pengi wakili haruhusiwi kuwa shahidi na mtetezi katika kesi moja. Muulizeni mapema atafanyaje.

Naona saa inakwenda. Ada, basi. Wakili hulipwa kwa saa, au kwa kiasi kimoja mlichokubaliana, au kwa asilimia. Akikutajia asilimia, muulize: ya nini? Nyumba ina thamani ya 100, benki inadai 70. Asilimia 5 ya 100 ni 5. Asilimia 5 ya 30 inayobaki ni 1.5. Asilimia ileile, tofauti zaidi ya mara tatu. Iandikwe kwenye mkataba, pamoja na gharama zipi ziko nje ya ada hiyo: za mahakama, za mthamini, za matangazo.

Wewe msimamizi, usigawe kitu kabla ya kuyajua madeni. Ukigawa kwanza, mdai akatokea baadaye, unaweza kujikuta unalipa kutoka mfukoni mwako. Fedha za marehemu zikae kwenye akaunti yake ya mirathi, zisichanganyike na zako hata kwa usiku mmoja.

Wosia halisi usiuache kwa mtu bila stakabadhi. Wala usitoe pini zake ili upige nakala. Mahakama ikiona matundu ya pini iliyong'olewa inaweza kuuliza ukurasa upi umeondolewa, na utaapa viapo kwa ajili ya tundu. Leseni ya wakili ihakikini kwenye chombo kinachosimamia mawakili. Ni jambo la dakika chache.

Mali iliyo nchi nyingine nilitaka kuieleza kwa kirefu, leo haitawezekana. Shikeni tu kwamba ardhi na nyumba kwa kawaida hufuata sheria ya mahali zilipo, kwa hiyo mtahitaji wakili wa hukohuko.

Kuna mama alinisimamisha mlangoni wakati naingia, akaniambia yeye na wadogo zake wameshasaini, je, amechelewa? Mama, usiondoke. Kaa hapa mbele tukimaliza, utoe hiyo karatasi kwenye mkoba, tutafute pamoja mstari ulioandikwa jina la mteja.