Baiskeli ya Pancha: Mzee wa Dansi Anapokutana na The Smiths

Habari za jioni. Gitaa nimekuja nalo, kwa hiyo maneno yakinikwama nitajificha kwenye nyuzi.

Mimi ni mtu wa dansi, kama wengi wenu mnavyonijua. Nimekulia kwenye rumba, nimepiga gitaa la ridhim kumbini hadi vidole vikaota sugu. Rock nilikuwa naiona kelele za watoto wa watu wenye umeme wa kutosha. Mwaka jana mpwa wangu akanitumia kwenye simu kipande kifupi, sekunde chache tu kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na swali: "Shikamoo mjomba. Hapo yapo magitaa mangapi?"

Nilikuwa ndani ya daladala, na kisikizio kinafanya kazi upande mmoja. Nikarudia mara tano. Nikamjibu: matatu, labda manne. Ipo solo inayorukaruka juu, ipo mi-solo inayoijibu, ipo ridhim, na chini yake kuna kitu kinalia kama kengele ambacho sikielewi. Nikamuuliza hao wamepiga Kinshasa au Brazzaville. Akaniandikia: "Manchester, mjomba. 1983. Mpiga gitaa ni mmoja."

Nilipitiliza kituo.

Wimbo wenyewe unaitwa This Charming Man, na bendi ni The Smiths. Nikautafuta mzima. Hauna hata dakika tatu. Ngoja niwapigie mwanzo wake polepole, msikie kwa nini nilidanganyika. (Anapiga.) Mmeona? Mkono wa kulia hautulii. Hakuna ile kuburuza nyuzi zote sita kwa hasira. Noti zinachambuliwa moja moja, zinapishana kama watu kwenye ngazi nyembamba. Sisi tunaugawa mzigo huo kwa watu watatu. Johnny Marr, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 19 au 20 hivi, aliurekodi peke yake, tabaka juu ya tabaka. Amewahi kusimulia kwamba kuna takriban njia 15 za gitaa kwenye rekodi ile. Na ile kengele iliyonisumbua? Naamini ni hii: alilaza gitaa lake aina ya Telecaster juu ya amplifaya, akalityuni ili nyuzi zilie kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, bila kushikwa, akawasha mtetemo wa amplifaya, kisha akaliangushia kisu chenye mpini wa chuma. Kisu kinagonga nyuzi zozote zile, halafu sauti hiyo inazikwa chini ya magitaa mengine.

Nimejaribu nyumbani. Mke wangu bado anakitafuta kisu chake cha nyanya, tafadhalini mnitunzie siri.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1982 Uingereza ilikuwa na watu zaidi ya milioni tatu wasio na kazi, na miji ya viwanda kama Manchester ilikuwa imeumia. Mwaka huohuo Marr, hajatimiza hata miaka 19, alikwenda kugonga mlango wa nyumba moja mtaa wa Stretford alikokuwa akiishi Steven Morrissey, kijana msomaji, mkimya, mkubwa kwake kwa miaka minne. Wote wawili ni watoto wa wahamiaji kutoka Ireland. Jina la bendi walilichagua kwa sababu ni la kawaida kupita kiasi. Ni kama bendi yetu ingejiita "Kina Juma" wakati jirani zetu wanajiita majina ya simba na ndege za kivita. Andy Rourke akashika besi, Mike Joyce ngoma. Kati ya 1984 na 1987 walitoa albamu nne za studio, wakaachana.

Sasa huyu mwimbaji, Morrissey. Kusema kweli alinishinda kwa wiki mbili. Sikio langu linasubiri kiitikio, yeye hakileti. Anaanza mstari mahali ambapo mimi ningevuta pumzi. Nilichofanya ni kumwomba mpwa anifasirie maneno, na hapo ndipo nilipokaa kitako. Wimbo unaanza na baiskeli iliyopata pancha mlimani, mahali pasipo na mtu. Baadaye kijana anasema angetoka usiku huu, ila hana nguo ya kuvaa. Jamani! Nani hapa hajawahi kukosa dansi kwa sababu shati la maana liko kwa dobi na hela ya dobi haipo? Niliacha kumngojea kiitikio.

Mkitaka kuanza, msianze na zile albamu za studio. Anzeni na Hatful of Hollow ya 1984, mkusanyiko wenye vipindi walivyorekodi kwa ajili ya redio ya BBC. Humo magitaa hayajapambwa sana, mtaona mifupa. Humo pia kuna How Soon Is Now?, karibu dakika saba, ambao kwanza ulitupwa upande wa pili wa santuri kubwa kama nyongeza. Ule mtetemo mnaousikia ulitoka kwenye amplifaya nne. Marr na prodyuza John Porter walishika mbili mbili, wakawa wanazungusha vitufe kwa mkono ili zitetemeke pamoja na ngoma. Zikipotezana, wanasimamisha, wanarudisha tepu nyuma, wanaanza tena.

Na fedha, maana najua wanamuziki mliomo humu mnasubiri hapo. Marr na Morrissey walichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya rekodi na maonyesho. Besi na ngoma wakaachiwa kumi kumi. Rourke alikubali kumalizana nao kwa malipo ya mkupuo. Joyce akaenda mahakamani, na mwaka 1996 jaji akasema fungu lake ni robo. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mwenye vyombo mmoja aliyekuwa akitugawia posho gizani ili tusihesabu. Rourke amefariki 2023. Sikilizeni besi yake kwenye wimbo wao Barbarism Begins at Home, halafu mniambie kama ni kazi ya mtu wa asilimia kumi.

Mwezi uliopita nikawaita wenzangu wawili wa zamani, tuupige ule wimbo wa pancha kwa magitaa matatu. Solo alishika mkongwe mmoja ambaye hajawahi kukosa noti mbele yangu. Tulihangaika saa mbili, na bado palikuwa na pengo katikati, kama jino lililong'oka. Mpwa akatucheka, akatuambia kwamba mwaka 1986 hata Marr mwenyewe aliongezewa mpiga gitaa wa pili jukwaani, Craig Gannon. Kwa hiyo natafuta mtu wa nne. Mazoezi ni Jumamosi, kisu aje nacho mwenyewe.