Hujagusa Nyama, LDL Imepanda: Tutafute Wapi?

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya kikundi cha walaji wa vyakula vibichi vya mimea. Umeandikwa kama ulivyosemwa. Salamu za mwenyekiti na baadhi ya maswali vimeachwa.)

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na wengine wote, habari za asubuhi.

Nimeambiwa mnataka kujua jambo moja tu. Mtu ameacha nyama, mayai, maziwa, hata moto wa jiko ameuzima, halafu anakwenda maabara na kurudi na karatasi inayosema kolesteroli imepanda. Wengine mmeniambia pembeni kwamba maabara imekosea. Inawezekana. Lakini kabla hatujailaumu maabara, nawaleteeni watu 10.

Mwaka 1999, huko Marekani, yalichapishwa matokeo ya watu wazima 10 wenye afya, wasio wanene, waliokaa siku 7 bila chakula. Hawakula yai wala siagi, hata jani la mchicha. Wastani wao wa LDL, ile kolesteroli tunayoiogopa, ulitoka 2.95 ukafika 4.90 mmol/L. Kwa maabara zinazoandika mg/dL, zidisheni kwa 39 hivi: ni kutoka kama 115 hadi 190. Kwa wiki moja ya kutokula kitu.

Kwa hiyo swali la "imeingilia mdomoni kwa chakula gani?" halitoshi. Mwili wenyewe hutengeneza karibu gramu 1 ya kolesteroli kila siku, na ini ni mtengenezaji mkubwa. Mtu anayekula mayai na nyama huongeza kama robo au theluthi ya gramu, na hata hiyo haifyonzwi yote. Ninyi mmeifuta hiyo ya mdomoni, hongereni. Ile ya ndani haijafutwa, wala haifutiki, maana bila kolesteroli hakuna nyongo, hakuna homoni za uzazi, hakuna utando wa seli.

Sasa sikilizeni hapa, maana yote nitakayosema baadaye yananing'inia hapa. LDL ikishamaliza safari yake kwenye damu, ini ndilo linaloichukua kwa sehemu kubwa. Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyoikamata na kuiingiza ndani. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas walivigundua, wakapewa Nobel mwaka 1985. Mizigo ikirundikana pale bandarini, si lazima meli zimeongezeka. Huenda malori ndiyo hayatoki. Vipokezi vikipungua, LDL inabaki kwenye damu. Sababu nyingi za watu wa vibichi kupandisha LDL zinaishia hapohapo, kwenye vipokezi.

Je, hawa wa vibichi wamewahi kupimwa? Wamepimwa. Ujerumani, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen uliochapishwa mwaka 2005, walichukuliwa watu 201 waliokuwa wakila vibichi kwa muda mrefu, kuanzia asilimia 70 ya chakula chao hadi 100. Si wote walioacha kabisa vitu vya wanyama, tusiwatie chumvi. Kwa jumla LDL zao zilikuwa nzuri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na trigliseridi nyingi, yaani yale mafuta mengine yanayopimwa kwenye damu. Hapo makofi yanaruhusiwa. (Makofi.) Asanteni, lakini sijamaliza. Asilimia 14 walikuwa na LDL ya juu. Asilimia 46 HDL yao, ile ya kheri, ilikuwa chini. Na asilimia 38 walipungukiwa vitamini B12. Hiyo B12 ni mada nyingine, ila asiyemeza vidonge vyake humu ndani aje anione tukitoka.

Hao asilimia 14 ndio tunaowatafuta leo.

Mimi nikiletewa mtu wa aina hii hapa pwani, naanza na nazi. Najua mtanichukia. Tutazame sahani ya siku moja. Asubuhi madafu mawili. Mchana kachumbari ya matango na nyanya iliyomwagiwa tui zito, na kiganja cha korosho. Jioni ndizi, parachichi na nazi iliyokunwa vimesagwa pamoja, juu yake kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto, kwa sababu mtandaoni wamesema ni dawa.

Maji ya dafu hayana neno, mafuta yake ni kama hakuna. Parachichi pia halina neno, mafuta yake mengi ni ya aina isiyoganda, nayo huisaidia LDL kushuka. Korosho iko katikati. Tena niwaibie siri: ile "korosho mbichi" ya pakiti imeshapigwa mvuke au kukaangwa ili ganda lipasuke, maana mafuta ya ganda lake yanababua ngozi. Mbichi kweli hamjawahi kuila.

Kazi iko kwenye nazi iliyokomaa. Gramu 100 za nyama yake zina mafuta gramu 33 hivi, na kama 30 kati ya hizo ni yale mafuta yanayoganda kwenye baridi. Mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku anashauriwa na Shirika la Afya Duniani asizidishe gramu 22 za mafuta ya namna hiyo. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi peke yake ni kama gramu 12. Pigeni hesabu ya sahani ile, mtaona mwenye sahani hiyo ameshawapita majirani zake wanaokula chapati na maini.

Mafuta haya hayana kolesteroli ndani yake hata chembe. Kinachotokea ni kwamba yanalipunguzia ini vipokezi. Mwaka 2020 majaribio 16 yalijumlishwa pamoja: mafuta ya nazi yakilinganishwa na mafuta ya mimea yasiyoganda, LDL ilikuwa juu kwa kama 10 mg/dL. HDL nayo ilipanda kidogo, na wauzaji watawaambia hiyo tu.

Halafu kuna tui lenyewe. Tunakuna, tunakamua, tunachuja. Mafuta mengi yanakwenda bakulini, machicha, ambayo ndiyo yenye nyuzinyuzi, tunawapa kuku. Kuku wa Tanga wana afya sana. (Kicheko.)

(Mzee mmoja anauliza: "Mbona babu zetu walikula nazi maisha yao yote na hatukusikia moyo?")

Mzee wangu, swali zuri, na wengine walishaliuliza katika visiwa vya Pasifiki. Visiwani Tokelau watu walipata zaidi ya nusu ya nguvu za mwili wao kutoka kwenye nazi. Kisiwa cha Pukapuka walikula nazi pia, ila kidogo kuliko wao. Kolesteroli ya Tokelau ilikuwa juu kuliko ya Pukapuka, kwa hiyo nazi ilifanya kazi yake ileile. Lakini magonjwa ya mishipa yalikuwa machache kote kuwili: walivua, walikula samaki, sukari ilikuwa kidogo, kazi ilikuwa ya jua na mwili. Babu alikula tui pamoja na samaki na kunde, akashika jembe. Wewe umechukua tui, ukaacha samaki, ukaacha kunde, na umekuja hapa na bodaboda.

Wanaosema "mradi ni mmea" niwapeleke Mauritius. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya mgao, yaliyokuwa mengi ya mawese, yakawa ya soya. Miaka mitano baadaye wastani wa kolesteroli yote ya wananchi ulikuwa umeshuka kwa karibu 0.8 mmol/L, wanaume kwa wanawake. Kulikuwa na kampeni nyingine za afya pia, sitaki kuyapa mafuta sifa zote. Lakini hapo hakuna aliyetoka kwa ng'ombe kwenda kwa mmea. Ni mmea kwa mmea.

La pili si mnachokula, ni mlichoacha. Maharage hayaliwi mabichi, yana sumu, na hilo mnalijua. Basi mtu wa vibichi anayaacha kabisa, anaacha na dengu, kunde, shayiri. Ndivyo hasa vinavyoshusha LDL! Nyuzinyuzi zake laini hukamata nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini linalazimika kutengeneza nyongo mpya, linahitaji kolesteroli, linaongeza vipokezi ili kuivuta kutoka kwenye damu. Toronto, mwaka 2003, walipanga mlo wa shayiri, soya, lozi, bamia, biringanya na siagi ya mimea yenye steroli, vitu vya mimea vinavyofanana na kolesteroli, wakaulinganisha na lovastatini, kidonge cha kushusha kolesteroli. Baada ya mwezi mmoja LDL ya kidonge ilishuka asilimia 30.9, ya mlo asilimia 28.6. Lakini vingi katika mlo ule vilipikwa. Ninyi mna choroko zilizooteshwa, mna bamia changa, mna chia, mna machungwa yanayotafunwa badala ya kukamuliwa. Vitumieni. Juisi iliyochujwa imeachwa bila silaha yake, na kwa watu wengine sukari ya tende na juisi nyingi hupandisha trigliseridi, ingawa wale wa Giessen haikuwapata.

Sasa shingo. Hapa naomba kina mama mnisikilize zaidi, maana tezi ya thairodi huwasumbua ninyi kuliko kina baba. Tezi ikilegea, vipokezi vya ini vinapungua na LDL inapanda, hata kama unakula majani matupu. Tezi inahitaji madini joto. Samaki umeacha, maziwa umeacha. Imebaki chumvi, na chumvi nayo mmeacha ile ya pakiti yenye madini joto, mnatumia ya mawe kutoka mashamba ya chumvi hapa pwani au ile ya rangi ya waridi ya Himalaya inayouzwa kwa bei ya asali. Hizo hazijawekwa madini joto. Ongeza kabichi mbichi kila siku, ongeza muhogo mbichi wa chumvi na pilipili tunaoutafuna barazani: sianidi yake mwili huigeuza kuwa kitu kinachoyazuia madini joto kuingia kwenye tezi. Mwenye madini joto ya kutosha hatikisiki. Asiye nayo, anaona baridi mchana wa Tanga, choo kinafunga, ngozi inakauka, hedhi inakuwa nzito, na karatasi ya kolesteroli inatisha. Kipimo kinaitwa TSH. Wala msikimbilie kula mwani kwa bakuli, madini joto yakizidi sana nayo huvuruga tezi.

Wale 10 wa mwanzo mmewasahau? Wengi wenu mlianza vibichi kwa sababu ya uzito, mkaongeza na siku za kufunga kwa maji. Mtu akiacha kula, homoni za tezi na insulini hushuka, na ini hulegeza kuiondoa LDL. Na anayepungua kilo nyingi ana jambo la ziada: seli za mafuta zimehifadhi kolesteroli, zikiyeyuka inamwagika kwenye damu. Hali hiyo hupita uzito ukitulia. Kwa hiyo ukipima ukiwa katikati ya kushuka uzito, au juzi umetoka kwenye mfungo mrefu, unapima safari, hujapima mahali ulipofika. Subiri uzito utulie wiki kadhaa, rudia. Vivyo hivyo aliyepima mara ya kwanza akiwa na malaria: homa hushusha kolesteroli, na akipona inarudi ilipokuwa, yeye anadhani mchicha umempandishia.

Kahawa nitaipita haraka. Kahawa chungu ya kwenye dele, iliyochemshwa na isiyochujwa kwa karatasi, ina mafuta yanayopandisha LDL; Wanorwe wa Tromsø waliligundua hilo la kahawa na kolesteroli mwaka 1983. Vikombe viwili vidogo sivyo ninavyovisema. Ninawasema wale wa kuanzia alasiri hadi isha.

Kuna na yasiyohusu sahani kabisa: ujauzito, kukoma hedhi, figo inayovujisha protini hadi mkojo unatoa povu, vifereji vya nyongo vilivyoziba, kisukari, vidonge vya prednisolone, baadhi ya ARV. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ya mhadhara huu, tafadhali.

Na kuna damu ya ukoo. Karibu mtu mmoja kati ya 250 duniani amezaliwa na hitilafu kwenye njia ya vipokezi hivi; kwa Makaburu wa Afrika Kusini ni wengi zaidi ya hapo. LDL ikifika 4.9 na kuendelea, ulizeni nyumbani: nani alianguka na moyo kabla ya miaka 55? Shikeni kano ya nyuma ya kisigino, kuna vinundu? Wapo pia wachache sana wanaofyonza steroli za mimea kupita kiasi, na mashine nyingi za maabara haziwezi kuzitofautisha na kolesteroli. Kwa hao karanga na parachichi zinapandisha namba. Waliandikwa mara ya kwanza mwaka 1974, dada wawili wa tumbo moja.

Dada aliyeuliza kwa karatasi: "Nikigundulika ni ya ukoo, lazima nimeze vidonge vya kemikali?" Dada yangu, kwanza tuondoe nazi na mafuta yake wiki sita, turudishe chumvi ya madini joto, tupime LDL, TSH, figo, ini na sukari. Ikibaki juu ya 4.9, mboga peke yake haitakutosha, na daktari atakuandikia statini. Ya kwanza kabisa Akira Endo aliipata Tokyo mwaka 1973 kwenye kuvu, ndugu yake yule kuvu wa buluu anayeota kwenye chungwa. Kazi yake ni kulipunguzia ini utengenezaji, ini likakosa, likaotesha vipokezi zaidi. Ukiwa unatafuta mtoto, mwambie daktari kabla hujaanza. Na mchicha wako endelea nao.