Daftari la Kondele

AKINYI: Karibuni tena. Mvua imetushika hapa Kisumu tangu alasiri, kwa hivyo mkisikia mabati yakilia, hilo si ufundi wetu. Leo ni habari ya kuhama kazi. Omwami Barasa, wewe umehama mara ngapi?

BARASA: Nne. Tatu niliondoka vizuri. Ile moja ndiyo umeniitia, si ndiyo?

AKINYI: Ndiyo hiyo. Mwaga mtama.

BARASA: Nilikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Kondele. Nikapata kazi Nakuru, mshahara karibu mara mbili. Nikamwambia mwenye duka, "Mzee, niko na wewe mpaka mwisho wa mwezi." Akanipa mkono. Tarehe 12 nilikuwa ndani ya matatu, nimeshapita Ahero.

AKINYI: Hata kuaga?

BARASA: Nilituma ujumbe tukiwa Kericho. Mstari mmoja.

AKINYI: Sasa kuna msikilizaji anasema, kwani iko nini? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35: anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, kwa maandishi. Na kifungu cha 36 kinakuruhusu kuondoka hata leo, mradi umlipe mwajiri mshahara wa siku hizo. Ungelipa, mkamalizana.

BARASA: Sikulipa hata shilingi. Lakini tuseme ningelipa, dada. Shida ilikuwa daftari.

AKINYI: Daftari gani?

BARASA: La madeni. Fundi anachukua mali leo, analipa akishalipwa. Mimi ndiye niliyekuwa naandika, tena kwa majina ya kwangu mwenyewe. "Miwani, misumari kilo 3." "Wa poshomili, mabati 6." "Kofia Nyekundu, saruji mifuko 4." Mzee hakuwajua hao watu. Aliniachia mimi.

AKINYI: Kumbe duka lilibaki Kondele, daftari likapanda matatu.

BARASA: Mama mwenye duka alinipigia Jumatatu. Nikaitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Nilidhani anataka kunitukana. Kumbe alitaka tu kuuliza Miwani ni nani.

AKINYI: Na haraka yote hiyo ilikuwa ya nini?

BARASA: Bosi mpya alinipigia simu, akasema, "Njoo sasa, hao watajipanga." Nikavimba kichwa, nikaona nahitajika. Baadaye mwenzangu mmoja akampa notisi, na bosi yuleyule akamwambia aache funguo mezani saa hiyo hiyo. Ningejua ni mtu wa namna gani tangu siku ile ya simu.

AKINYI: Lakini ngoja niwatetee wafanyakazi kidogo. Waajiri nao! "Nitakuongezea mwezi ujao", na huo mwezi haufiki. Notisi inawafunga wote wawili. Halafu kuna cheti cha utumishi, kifungu cha 51. Ukifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, ni haki yako, hata kama mmeachana kwa ubaya. Usikipigie mtu magoti. Ila hakina sifa. Kinasema ulifanya kazi gani, ulianza lini, ukaacha lini. Kukusifu hakumlazimu.

BARASA: Na mji huu nani anasoma cheti? Watu wanapiga simu kuulizana.

AKINYI: Haswa. Sasa nikuambie ukweli, usikasirike. Mimi sioni kosa lako lilikuwa kuondoka tarehe 12. Kosa ni kusema mwisho wa mwezi. Ungemwambia, "Mzee, nina siku kumi, leta daftari tuketi," angenuna jioni moja tu.

BARASA: Niliogopa uso wake. Nikampa tarehe ya kumfurahisha.

AKINYI: Hiyo ndiyo wengi tunafanya. Ulirudi?

BARASA: Pasaka, miezi mitatu imepita. Mama akaniwekea chai, hakusema karibu wala nini. Mzee alikuwa stoo, namsikia akihesabu mabomba, akimaliza anaanza upya. Tukafungua daftari, ukurasa kwa ukurasa, mimi nataja, Mama anaandika jina la kweli kwa kalamu nyekundu. Miwani tulimpigia papo hapo, akatuma pesa kwa M-Pesa, akasema alikuwa akingoja tu aulizwe. Wa poshomili alikuwa ameshahamia Siaya.

AKINYI: Na Kofia Nyekundu?

BARASA: Hapo nikanyamaza. Mwandiko ni wangu, tarehe ipo, mifuko minne ipo. Sura haikuja.

AKINYI: Mpaka leo?

BARASA: Mpaka leo. Nikipita Kondele nikaona mtu amevaa kofia nyekundu, namtazama mpaka anauliza kama namdai.